Mama Kanda, Aliyeufuta Wimbo wa King'ora

Wewe ungefuta? Wimbo ambao wafanyakazi wanauimba langoni mwa kiwanda kila asubuhi uko mikononi mwako, nakala ni hiyo moja tu, na mtu amesimama anasubiri uuue. Nyumbani una watoto wanne. Bibi yetu, ambaye nyote mlimjua kama Mama Kanda, aliufuta. Mjomba aliniomba niiruke habari hii. "Mtu hazikwi na aibu zake," aliniambia. "Chuo kimekufundisha ubishi." Lakini marehemu mwenyewe aliagiza isomwe, tena kwa sauti.

Alizaliwa tarehe 14 Machi 1949 katika nyumba namba kumi na saba ya kota za reli, mtoto wa kwanza wa mgonga magurudumu. Kazi ya baba yake ilikuwa kupita kando ya mabehewa na nyundo, kugonga kila gurudumu na kusikiliza kama lina ufa. Siku za Jumamosi alimchukua binti yake. Akiwa na miaka saba, binti alibaki nyuma kwenye gurudumu moja ambalo baba alikwisha kulipita. "Baba, hili linasema uongo." Lilikuwa na ufa.

Alisoma shule ya msingi hapo hapo kota, kuanzia 1956 hadi 1963. Mwaka 1965 aliingia chuo cha ufundi kusomea redio, msichana peke yake kati ya wanafunzi ishirini na wawili. Mwalimu alimpangia kazi ya kuchemsha chai. Alichemsha, kisha akasimama mlangoni na birika mkononi. "Mwalimu, hiyo spika umeifunga kinyume." Tangu wiki ile chai ilichemshwa kwa zamu.

Tarehe 1 Julai 1968 aliajiriwa na kituo cha redio, maktaba ya kanda. Kanda zilikuwa adimu, hivyo zilizokwisha kutumika zilifutwa kwa mashine ya sumaku na kurekodiwa upya. Kazi hiyo ilikuwa yake. Alijiwekea utaratibu ambao hakuna aliyemtuma: hakufuta kanda kabla ya kuisikiliza. "Simziki mtu bila kumwangalia uso," alisema.

Alifunga ndoa tarehe 5 Juni 1971 na karani wa posta, ambaye alimchumbia kwa kadi za salamu za redioni, tatu kila wiki. Mtangazaji mmoja alisema hewani, "Huyu bwana ama anapenda, ama stempu anazipata bure." Babu alisema yote mawili yalikuwa kweli. Walijaliwa watoto wanne. Babu alitutoka mwaka 1996.

Tarehe 9 Februari 1978 bendi ya kiwanda cha nguo ilirekodi wimbo huo, King'ora, katika studio namba mbili. Maikrofoni ilikuwa moja, na kila mpigaji alisimama juu ya alama yake ya chaki sakafuni. Kwa mara ya kwanza redio ile ilipiga wimbo ambao anayelalamika si mpenzi aliyeachwa, bali mtu aliyechoka na kazi. Watangazaji waliukata kila mara kabla ya mwisho ili kupisha taarifa ya habari. Mwezi Mei wafanyakazi waligoma, na waligoma wakiuimba.

Jumatatu, tarehe 22 Mei, saa nne asubuhi, mkuu wa kituo aliingia maktaba akiwa na mgeni mwenye mkoba. Mgeni alitaka kanda ifutwe mbele ya macho yake.

"Nakala ni hii moja tu," Mama Kanda alisema.

"Ndiyo maana nimekuja mwenyewe, dada."

"Basi niisikilize kwanza. Ndio utaratibu wangu."

"Utaratibu wako ni wa dakika ngapi?"

"Saba na sekunde kumi. Imeandikwa kwenye boksi."

Mkuu wa kituo alimkazia macho ya kumsihi. Mgeni alivuta kiti, akaketi, akaitazama saa yake. Dakika ya sita na sekunde tano, saksafoni ilipokuwa inaanza peke yake, alinyanyuka akamvua vipokea sauti masikioni. "Yatosha." Mama Kanda aliiweka kanda kwenye mashine na kubonyeza. Mikono haikumtetemeka, aliniambia, na hilo ndilo lililomtesa.

Mimi nasema mwenye dhambi kubwa ni aliyeamuru. Lakini bibi hakuwahi kujificha nyuma ya amri ile. Alifanya kazi hadi kustaafu mwaka 2004, huku mpuliza saksafoni, mtunzi wa wimbo, akivuka barabara kumkwepa kila alipomwona. Bendi ilivunjwa, wenzake wakafariki mmoja mmoja, na mpuliza saksafoni huyo akawa fundi wa makochi.

Novemba 2022 marehemu aligundulika kuwa na saratani ya mapafu. Tarehe 3 Aprili 2023, kutoka kitanda cha hospitali, alianza kuurudisha wimbo kwenye simu yangu kwa mdomo: gitaa la kwanza, la pili, besi, ngoma, maneno yote. Muuguzi alimkemea. "Mama, pumzi ulizobaki nazo ni za kuhesabu."

"Basi niache nizihesabu vizuri, mwanangu."

Zilikosekana sekunde sitini na tano za mwisho, za saksafoni, ambazo hakuwahi kuzisikia. Nilimwambia abuni, akanitazama kana kwamba nimetukana. Akanituma na simu hiyo kwa fundi wa makochi mara tatu. Mara ya kwanza alisema, "Mwambie mimi si mlinzi wa alichofuta." Mara ya pili hakufungua mlango. Mara ya tatu aliuliza, "Anaumwa sana?" Nikasema ndiyo. Akasema pole, akafunga.

"Usimsumbue tena, mume wangu," bibi alinitania kwa sauti iliyokuwa imekwisha. "Nitamwachia nafasi yake." Alifariki dunia Jumatatu, tarehe 17 Aprili, saa kumi na moja jioni. Ameacha watoto wanne, wajukuu tisa na mdogo wake wa kike. Mola ampe utulivu ambao sisi hatukuweza kumpa.

Kesho yake, saa mbili asubuhi, tukipanga viti uani, fundi wa makochi aliingia, nyuzi za pamba zimemganda kwenye sweta. "Yule kijana wa simu yuko wapi?" Nilimpa simu. Alisikiliza amesimama mpaka sauti ya bibi ikasema, "Hapa ni pake," ikaanza kuhesabu: moja, mbili, tatu, nne.

"Rudisha," alisema.

Mjomba ndiye aliyetoa simu yake ili arekodi. Mara ya pili, bibi alipoanza kuhesabu, mzee aliweka vidole juu ya mgongo wa kiti na kuiimba saksafoni yake kwa mdomo usio na meno. Katikati bibi alikohoa, hesabu ikakatika. Mzee hakuendelea wala hakuacha. Aliishikilia sauti ile ile moja, mishipa ya shingo imemsimama, mpaka bibi akapata pumzi na kusema tatu.