Mchunga Ng'ombe wa Meli ya Neema

Nakiri jambo ambalo sijamwambia mtu: nimeomba kuandika maneno haya ya kuaga, mimi nisiyeweza kusimama mbele za watu, kwa sababu bila Mzee Matonya ningekuwa yatima.

Mzee Matonya anastaafu tarehe 31 Machi 1916, baada ya miaka ishirini na miwili ya kuwatunza ng'ombe wa kampuni yetu. Alianza kwa kuwaswaga kwa miguu kutoka hapa Dodoma hadi pwani. Reli ilipofika akasafiri nao behewani, kisha akapanda nao meli ya mizigo, Neema, ambako baba yangu, Zaidi, alikuwa akichochea moto wa injini. Mabaharia walimtania: "Mgogo, leo unachunga wapi? Kwenye mawimbi?" Naye alijibu, "Malisho yapo, ila yana chumvi."

Vita vilipoanza, Neema ilipewa kazi ya kuwapelekea askari wa Wajerumani walioko kusini ng'ombe wa nyama na nafaka, ikinyemelea kandokando ya pwani. Mwaka jana manowari ya Waingereza iliiona. Mizinga ikavunja mashua za kuokolea watu, moto ukashika, na nchi kavu ilikuwa mbali. Baba hakujua kuogelea, ingawa mtaa wetu wote wa Chang'ombe umesikia kutoka kwake kwamba siku hiyo aliogelea kama samaki.

Mzee Matonya alifungua zizi la melini, akapiga mluzi ule wa kuwavusha ng'ombe korongo linapofurika. Fahali wa mbele akajitosa, wengine wakamfuata. Mabaharia wakadandia pembe, ng'ombe wakaanza kuzama nao.

"Acheni pembe, nyie watu wa maji!" akafoka. "Shikeni mkia! Kwetu hilo mtoto analijua kabla ya kuota meno!"

Baba akashika mkia, asiuachie mpaka alipokanyaga mchanga. Neema ilizama, na wenzao wengine hawakuonekana tena. Tunawakumbuka.

Tangu hapo Mzee ametunza zizi letu la stesheni bila kujisifu kwa lolote. Asante, Mzee, kwa niaba ya kila nyumba iliyorudishiwa mtu wake. Pumzika salama kwako Ipagala, mvua zikufikie kwa wakati, na ng'ombe wako wazae majike.

Kwenye karamu ya kumuaga, Jumamosi, kutakuwa na supu ya mkia. Ukimwona baba akilisukuma bakuli pembeni, usimuulize, wala usicheke. Yeye husoma herufi za Kiarabu tu, hizi zangu za Kizungu hazisomi. Tafadhali, habari ya mkia ibaki siri yetu.