Jumamosi ya Viti Vitupu

NZILANI: Haloo? Lorraine? Unanipata?

LORRAINE: Nani mwenzangu? Laini inakwaruza.

NZILANI: Nzilani. Mwalimu Nzilani wa Kariobangi.

LORRAINE: Ai, Mwalimu! Niaje? Hii namba ni mpya?

NZILANI: Ile simu iliibiwa.

LORRAINE: Pole sana. Uko wapi, mbona kumenyamaza hivyo?

NZILANI: Shuleni. Si ni Jumamosi.

LORRAINE: Bado walimu mnakutana kusomeshana?

NZILANI: Nilipanga viti. Mwalimu Saado akaingia, akachukua chaja yake, akaenda.

LORRAINE: Na wengine?

NZILANI: Mwalimu Nzivo alisema anafua.

LORRAINE: Watu wamechoka, Nzilani. Mimi nilichoka nikaacha kufunza. Sasa nauza viatu hapa Umoja na nalala vizu— ngoja. Hicho ni saizi sita, mama. Jaribu tu. — Eeh, endelea.

NZILANI: Nitakupigia ukiwa huna mteja.

LORRAINE: Sema. Hukunitafuta bure.

NZILANI: Kuna msichana wa gredi ya sita, Nimco. Aliniuliza, mbili ukiigawanya kwa nusu, mbona jibu linakuwa kubwa? Nikamwambia ndiyo kanuni, andika.

LORRAINE: Akaandika?

NZILANI: Akaandika. Akaacha kuniangalia. Nimefunza hiyo hesabu miaka yote, Lorraine, na nilikuwa sijui kwa nini. Na nikiuliza walimu wenzangu stafrumu wananicheka.

LORRAINE: Niulize mimi.

NZILANI: Wewe ulikuwa wa Kiswahili.

LORRAINE: Basi nieleze polepole. Una chapati mbili—

NZILANI: Mbili, ndiyo. Kila mtu nampa nusu... Wanakula watu wanne. Kumbe nahesabu nusu ziko ngapi ndani ya mbili. Ziko nne.

LORRAINE: Si umejijibu.

NZILANI: Kwa vile kuna mtu anasikiliza.

LORRAINE: Unaandika ubaoni?

NZILANI: Umejuaje?

LORRAINE: Nasikia chaki.

NZILANI: Njoo Jumamosi ijayo. Hata kidogo tu.

LORRAINE: Jumamosi ndiyo siku ya wateja, Mwalimu.

NZILANI: Najua.

LORRAINE: Basi nipigie. Nitaweka simu sikioni nikipanga viatu.

NZILANI: Kweli? Sema haraka, kredo ya simu inaisha. Nikupigie saa ngapi?

LORRAINE: Kabla sijafungua, kama saa—

NZILANI: Saa ngapi? Haloo? [laini inakatika] Lorraine?