Kodiani ya Jambazi

Kijiwe chetu hapa Naro Moru ni benchi moja ya mbao iliyoegemea ukuta wa duka la mbolea, na mwenyeji wake ni Barre, ambaye kila asubuhi huja kutoka Nanyuki na birika la kahawa ya tangawizi. Wiki hiyo tulikuwa na msiba. Mzee Gichovi, aliyetunga na kupiga kwa kodiani muziki wa filamu ya zamani ya Jambazi wa Kiganjo, alikuwa amefariki, na maziko yalikuwa Ijumaa. Filamu hiyo tuliiona utotoni, ikiletwa na gari la sinema na kuonyeshwa kwenye ukuta wa shule. Leo haipatikani popote, hata kwenye simu, kwa hiyo kila mtu benchini ni bingwa wake.

Njoka, tunayemwita Projekta kwa sababu aliwahi kushika waya wa gari la sinema, ndiye aliyeanza.

— Hiyo nyimbo mzee alitunga akiwa seli. Ndio maana inatembea polepole. Iko na pingu.

Jamleck, yaani Kamishna, ambaye maishani hajavaa hata sare ya bawabu, alikataa katakata.

— Seli gani? Polisi ndio walimuomba atunge. Ilipigwa Mweiga siku moja, mwizi akarudisha ng'ombe, pamoja na maziwa yenye alikuwa ashakamua.

— Na ndama? Barre akauliza.

— Ndama ilikuja yenyewe. Ilipenda nyimbo.

Projekta hakuwa mtu wa kushindwa na ndama.

— Ati Mweiga. Wazungu walikuja kupanda mlima, wakasikia, wakaenda nayo kwao. Filamu zote za majambazi unaona leo, hiyo muziki ni ya Gichovi. Walitoa tu kodiani.

Mimi pia nilikuwa na langu la kuongeza, ila kikombe kilikuwa mdomoni.

Ndipo akaja Nkirote, binti wa marehemu. Tulimpa pole, tukamsogezea nafasi. Alitueleza kwamba mama yake alipookoka, kodiani iliuzwa na nyimbo za dunia zikapigwa marufuku nyumbani, hivyo yeye hajawahi kuusikia wimbo uliompa baba yake jina. Sasa alitaka Moffat, mpiga kinanda wa kanisa, aupige jeneza likishuka. Alitoa simu ili aturekodi.

— Wazee wangu, mnaijua?

Kuijua? Projekta aliianzisha kwa pua, Kamishna akaingia na besi, nami nikagonga kikombe kwa kijiko. Kwa mara ya kwanza tangu kijiwe kianze, tulikubaliana. Tukafika mahali pamoja, tukakoma pamoja.

— Halafu inaendaje? Nkirote akauliza.

Barre akachungulia ndani ya birika. Kamishna, aliyejua mpaka habari za ndama, aliinama kufunga kamba za viatu ambavyo havina kamba.

— Hapo, Projekta akasema mwishowe, jambazi alikuwa anatokea nyuma ya mpelelezi na panga. Uwanja yote ilikuwa inapiga nduru, geuka, ako nyuma yako. Kila mara filamu ikiletwa. Hiyo pande ingine ya nyimbo hatujawahi sikia.

— Na baba alikuwa wapi?

— Alikuwa anasimama nyuma yetu, hapo kwa ua. Hakuwahi kutunyamazisha. Alikuwa anacheka tu.

Nkirote alizima simu taratibu, akatushukuru, akaenda. Aibu ilitushika sote. Kahawa ilikuwa bado ipo, lakini hakuna aliyeomba nyingine.

Ijumaa Moffat alipiga hadi pale tulipofika sisi, akainua vidole. Jeneza lilikuwa ndiyo kwanza limeanza kushuka. Projekta alisimama mbele, kofia mkononi. Sidhani kama alikuwa amepanga.

— Geuka!

Mvi zote za Naro Moru zikaitikia, wazee wa kanisa wakiwemo, kwamba jambazi yuko nyuma yako. Sauti iliyopanda kuliko zote ilikuwa ya mjane, yule yule aliyeuza kodiani. Nkirote alimshika mama yake mkono, akalia na kucheka pamoja.

Pasta, ambaye ni kijana aliyeletwa kwetu mwaka huu, aligeuka.