Mzee Razhukhrie na Zahanati ya Alfajiri

Kila asubuhi marehemu Mzee Razhukhrie alikunywa chai ya rangi akiwa amesimama mlangoni, kikombe cha mwanzi mkononi, akitazama moshi wa majiko ya kijiji. Nyumba isiyotoa moshi alituma mtu akaulize nani anaumwa.

Alizaliwa tarehe 14 Machi 1951 hapa hapa Merhuzou, kijiji chetu cha milimani, mtoto wa tatu wa Mzee Pelevizo. Alianza shule ya misheni, mapigano ya jeshi na wapiganaji wa msituni yakaifunga. Akasoma tena kidogo mjini Kohima, kisha akarudi kulima matuta ya mpunga ya baba yake. Kwa kuwa alikuwa na sauti ya kuvuka bonde, wazee walimfanya mpiga mbiu wa kijiji.

Mwaka 1976 alifunga ndoa kanisani na Bi Zeneisenuo. Binti yao wa kwanza, Khrienuo, alikufa kwa surua akiwa na miaka miwili. Nesi wa chanjo alikuwa amekuja, ila alikuja saa nne, kijiji kizima kiko mashambani, akafunga sanduku lake akaenda zake. Jambo hilo marehemu hakulisema sana, lakini halikumtoka.

Mwaka 2002 serikali ya jimbo ilipovikabidhi vijiji zahanati zao, alichaguliwa mwenyekiti wa kamati. Akaona dawa ni rahisi: siku ya chanjo akapiga mbiu ya mwiko wa shamba, mtu yeyote asishike jembe. Watu wakatii, wote wakabaki nyumbani. Alichosahau ni kwamba siku ya mwiko mgeni haingii kijijini. Nesi Asenla, mtu wa kabila la Ao, si wa kijiji chetu, alipofika langoni vijana wakamzuia.

"Leo mgeni haingii, dada."

"Mimi si mgeni, mimi nesi!"

"Nesi wa wapi?"

"Wa zahanati yenu!"

"Basi ni mgeni mwenye sindano. Rudi kesho."

Akarudi mjini na chanjo zake. Bi Zeneisenuo alimcheka mumewe wiki nzima: "Baba Mhasilie, umewakusanya watu wote, ukamfukuza nesi!" Naye alicheka, ila siku ile ile alikuwa ameshaamua kwamba kinachopaswa kusogea ni saa ya zahanati. Kamati ikakubali ifunguliwe alfajiri, watu wakiwa njiani kwenda shamba, na Nesi Asenla apewe chumba alale kijijini.

Ofisa wa afya wa wilaya alimwita. "Mzee, saa ya kufungua inatoka juu."

"Juu kabisa? Kwa Mungu?"

"Makao makuu, mzee. Nikikuruhusu wewe, kesho kila kijiji kitajipangia."

"Si ndiyo mlitukabidhi? Au mlitupa mlango, ufunguo mkabaki nao? Saa nne mtamtibu nani? Sisi tuko matutani, tunaokota konokono wa kitoweo. Njoo ulale kwangu uone."

Ofisa akaja kweli. Alfajiri akawakuta akina mama wamejipanga, majembe begani, watoto mgongoni. Akaomba chai. Mwaka uliofuata ofisi yake iliruhusu kila kamati wilayani ipange saa yake, kwa sharti kwamba kamati yenyewe isimamie mahudhurio ya nesi. Sharti hilo marehemu alilipenda kuliko ruhusa. Alisema sasa nesi asipofika, hata wao wanakamati wana wa kuwauliza. Tangu hapo surua haijamchukua mtoto wa Merhuzou.

Moyo ulianza kumsumbua mwaka 2022. Alitibiwa Kohima, akaambiwa asipande milima. Ameacha mjane, Bi Zeneisenuo, watoto wawili, Mhasilie na Vilazonuo, wajukuu watano, na dada yake, Bi Neilhounuo.

Jumanne tarehe 9 Aprili 2024, kamati ya Tsopfe, kijiji cha ng'ambo ya mlima, ilimwomba akawasaidie. Zahanati yao bado ilifunguliwa saa nne.

Bi Zeneisenuo alisimama mlangoni. "Mzee wewe, daktari kasema nini?"

"Kasema nisipande mlima."

"Na Tsopfe iko wapi?"

"Nitapanda polepole, mama Mhasilie, mlima hautajua. Wale wana watoto."

Akachukua shuka lake jeusi, akamwambia amwekee wali wa jioni, akatoka. Watu wa Tsopfe walimkuta ameketi kando ya njia, karibu kabisa na lango lao, roho imeshamtoka.

Mungu amlaze pema, na safari yake iwe nyepesi.