Mashimo Niliyofukia Bila Mbegu

Wazee wangu, ndugu zangu mliobaki baada ya sala, na kina mama mlio nyuma ya pazia: aliyeumba mto na kingo zake ndiye tunayemshukuru kwanza, na Mtume wake tunamwombea rehema. Nimeomba ruhusa niseme, ingawa sina mazoea ya kusimulia habari zangu. Kazi yangu kwenu ni kufundisha herufi, na herufi hazimuulizi mtu alikotoka.

Leo asubuhi, hapo mlangoni, nimesikia neno. Wenzetu waliokuja kwa mitumbwi kutoka Kiongoroni, waliotolewa makwao na mafuriko, leo ni siku yao ya nne wanalala chuoni kwangu juu ya mikeka ya wanafunzi. Mmoja wetu akasema, "Hao ni wakata mikoko. Ukiwapa mbegu watazila." Mkacheka. Nami nilicheka, Mungu anisamehe, kwa kuwa sikutaka mnitazame usoni.

Ndugu zangu, nawaambia: mla mbegu mnayemwogopa ndiye huyu anayesema nanyi.

Mnajua kwamba asili yangu ni milimani, Umatumbi. Hamjui nilivyoshuka. Vita vya maji vilipofika kwetu sikunywa dawa ile wala sikushika mkuki. Nilikuwa na chuo kidogo cha Kurani na wanafunzi kumi na mmoja. Askari walipopanda hawakuniuliza kama nimekunywa. Walichoma maghala, wakang'oa hata mihogo michanga. Mke wangu alikufa porini kwa kula mizizi tusiyoijua. Nikateremka na binti yangu wa miaka saba, pamoja na msahafu niliouviringisha katika ngozi ya mbuzi.

Bomani palikuwa na mtama wa kuwagawia waliotawanywa na vita. Tulisimama mstari tangu jua lilipochomoza. Karani, Mwislamu mwenzangu, akaniuliza, "Jumbe wako nani?"

"Amenyongwa, bwana."

"Basi alete maandishi kwamba wewe hukupigana."

"Bwana, nimesema amenyongwa."

"Nimesikia. Wapishe wenzako."

Nikamwambia kwamba najua kuandika, anipe karatasi nijieleze mwenyewe. Akawageukia askari. "Kumbe nyani wa milimani nao wanaandika!" Wakacheka, na watu wa mstarini wakacheka pia, kwa sababu walikuwa bado hawajapewa. Sauti ya karani yule haikuwa na hasira hata kidogo. Hilo ndilo ninalolikumbuka zaidi.

Tukaondoka mikono mitupu hadi hapa kwenu. Kisha mto ukajaa, na hata wenyeji wa bonde hili wakaona njaa. Mjane mmoja wa hapa alitupokea hivyo hivyo. Alitupa dungu la marehemu mwanawe, kibanda kile cha juu ya nguzo, mwisho wa shamba lake. Maji yalipoanza kupungua akaniletea vibaba viwili vya mbegu ya mahindi.

"Mwalimu," akasema, "kwetu huu ndio wakati wa mlau. Tunapanda nyuma ya maji yanapoondoka. Siku tope litakapoubeba mguu wako, panda siku ileile. Likikauka, umekosa."

Mbegu ile ilikuwa imening'inizwa juu ya jiko lake miezi mingi, imekuwa nyeusi kwa moshi, kisha ikapakwa majivu. Ninyi mliozaliwa hapa mnajua maana ya majivu yale: hii ni ya kupanda, hailiwi. Mkono wa mtu wa bonde ukiyagusa hurudi wenyewe. Mkono wangu haukurudi. Niliziosha punje zile mara tatu, kama mtu anayetia udhu, nikazibandika motoni.

Mwaka mzima nilijiambia moyoni kwamba nilimpikia mtoto. Ukweli ni huu: mtoto alikula viganja viwili akasinzia, na kilichobaki nilikila mimi, nimeupa mlango mgongo.

Siku tope lilipoubeba mguu, nilichonga mti ncha nikaingia shambani, kwani nilijua mjane ananitazama kwa mbali. Nilitoboa mashimo shamba zima, kwa mistari iliyonyooka kuliko ya mkulima yeyote wa bonde hili. Kila shimo nililifukia kwa kisigino. Ndani hamkuwa na kitu.

Kila siku mjane aliita kutoka dungu lake: "Mwalimu! Mlete mtoto anywe uji!"

Nami niliitikia: "Ahsante, mama! Tumeshiba!"

Mtaniuliza, kwa nini? Kwa sababu mtoto wa miaka saba hana siri. Niliogopa kwamba akikaa jikoni kwa mjane atasema: baba alipika mahindi meusi. Siku nane, ndugu zangu, niliilinda heshima yangu kwa tumbo la mwanangu.

Siku ya nane mjane alikuja mwenyewe. Alichutama, akafukua shimo la kwanza kwa kidole, kisha la pili. Alifika la saba.

"Mwalimu, mahindi yangu huchipua siku ya tano. Haya yako yameotea tumboni?"

Nilikuwa na majibu tayari. Ningeweza kuwasingizia panya, au ndege. Nilifungua kinywa nikajisikia nikisema, "Nimeyala, mama. Mtoto alipata viganja viwili tu."

"Na ulipoitikia kwamba mmeshiba?"

"Nilikuwa nasema uongo."

Mjane alinipita. Alipanda ngazi ya dungu, akateremka na binti yangu amembeba mgongoni, akaenda naye kwake. Mtoto alikunywa uji vijiko vitatu. Kesho yake, kabla ya adhuhuri, alikufa.

Watu wa kijiji hiki walinichimbia kaburi. Siku ya tatu baada ya maziko mjane alinijia na vifurushi viwili, kimoja cha mahindi meupe, safi, na kingine chenye majivu.

"Hiki pika. Hiki panda," akasema. "Kosa la kwanza lilikuwa langu. Nilimpa mwenye njaa mbegu, nikakiacha chungu chake kitupu."

Mimi sikulikubali neno lile, wala silikubali leo. Lakini nilivipokea vifurushi. Tope lilikuwa limeanza kupasuka. Nilivuna nusu ya walichovuna wenzangu, na nusu ile ndiyo iliyoniweka hai hata nikawafundisha watoto wenu.

Sikusimama hapa kuwaambia kwamba subira inalipa; mimi haikunilipa. Nawashukuru waliochimba kaburi lile, na baadhi yenu mmo humu. Namshukuru mjane yule, aliyenikataza kumtaja. Hajapata kumwambia mtu yeyote habari ya mashimo yale, na kwa hiyo imenibidi niiseme mimi.

Watu wa Kiongoroni watazila mbegu, ni kweli. Watazila mkiwapa mbegu peke yake. Kisha watafukia mashimo matupu, na mkiwaita watawajibu kwamba wameshiba. Nimekuja na vifurushi viwili. Hivi hapa, kimoja kina majivu na kimoja hakina. Chuoni mna familia sita, nami uwezo wangu ni wa familia moja. Nilipokuja msikitini nilipita kwa njia ya shamba. Tope limekwisha kuubeba mguu.