Mtihani Aliouharibu Shangazi

Kijiwe chetu kiko Bilele, hapa Bukoba, kwenye kibaraza cha studio ya picha iliyofungwa siku nyingi, na benchi lake lina miguu mitatu na tofali. Mimi ndiye Maimuna, mwenye birika. Nauza kahawa na kashata, na kazi yangu ya pili, isiyo na malipo, ni kusikiliza upuuzi wa wanaume wazima. Wenye benchi ni wawili. Rutashobya tunamwita Profesa. Alikuwa karani kwenye chuo fulani, akastaafu na suti moja na Kiingereza kingi. Byabato tunamwita Dishi, maana anafunga madishi ya televisheni juu ya mapaa ya watu, basi anadhani kila chenye waya duniani amekizaa yeye. Asubuhi hiyo katikati yao alikaa Philbert, kijana mwenye duka la fotokopi kule Nshambya, kajikunja kama mfiwa, na wote wawili wanagombania kumnunulia kahawa. Alikuwa amefutiwa mtihani.

Mtihani wenyewe ni wa mitandao ya kompyuta, ule wa daraja la chini kabisa, wa kuanzia. Ukifaulu unapata cheti, na Philbert alishaahidiwa kazi ya kuhudumia intaneti kwenye visiwa vya ziwani akikileta hicho cheti. Kwa hiyo kabla hata hajajisajili alipaka mlango wa duka lake rangi nyekundu: INJINIA PHILBERT, MTAALAMU WA MITANDAO. Nani alimshauri? Hao hao wawili wa benchi.

— Hebu tueleze tena, Injinia, alisema Profesa. Polepole, ili Maimuna naye aelewe.

— Maimuna ameelewa tangu juzi, nikasema. Maimuna sasa anaota mtihani huo.

Philbert akashusha pumzi.

— Mtihani unaufanyia nyumbani, kwa kompyuta yako. Kuna mtu huko kwa wenye mtihani anakutazama kwa kamera mwanzo mpaka mwisho. Unatakiwa uwe peke yako chumbani. Asiingie mtu, usiongee na mtu. Niko katikati ya mtihani, mlango unafunguliwa. Shangazi Theopista! Katoka Muleba bila taarifa, na kikapu chake cha kahawa za kutafuna mkononi.

— Na hakubisha hodi, Dishi akadakia.

— Shangazi abishe hodi kwa mtoto aliyemlea mwenyewe? nikamuuliza.

— Sasa ningefanyaje? Philbert akaendelea. Nimtazame tu kama mlingoti? Nikatoka kwenye kiti, nikapiga goti, nikamwamkia. Akaninyooshea kikapu, nikachukua punje, nikatafuna. Kugeuka, skrini inasema mtihani umesitishwa. Basi.

— Basi! alisema Profesa kwa uchungu, utadhani mtihani ulikuwa wake. Heshima ya Kihaya imemponza mtoto wa watu.

Hapo niwaambie jambo lililokuwa linanikera, maana vicheko vya benchi ni kitu kimoja na machozi ya mtu ni kitu kingine. Jumamosi iliyokuwa inakuja ilikuwa sendofu, sherehe ya kumuaga bibi harusi, ya Annastella, dada yake Philbert. Kwetu huku bibi harusi anashikwa mkono na shangazi yake. Shangazi ndiye aliyemfunda, shangazi ndiye anayemtoa chumbani na kumpeleka mbele ya watu. Sasa mzee Bartholomayo, baba yao, kwa hasira ya huo mtihani, alitangaza kwamba dada yake Theopista asikanyage kwenye shughuli. Annastella atashikwa mkono na mke wa jirani. Theopista hakubahatika kupata mtoto. Philbert na dada yake aliwalea yeye tangu mama yao alipofariki, na siku aliyoingojea ndiyo hiyo.

— Philbert, nikamwambia, achana na mlango. Maswali yalikuwaje?

Akachungulia ndani ya kikombe.

— Maswali yalikuwa... ya kawaida tu.

— Ya kawaida vipi?

— Maimuna, unauliza nini? Dishi akanirukia. Mtihani wa kuingilia! Wa mlangoni! Mimi nilimwandaa mwenyewe wiki mbili nzima. Taa ya kijani maana yake nini, taa nyekundu maana yake nini, waya ukiliwa na panya unafanyaje. Mtandao hauna kingine. Intaneti ni maji tu, mwanangu, tofauti yake haimwagiki.

— Na mimi nilimpa nadharia, alisema Profesa. Kirefu cha kila kifupi. Aliviimba vyote kama katekisimu.

— Mbona Judica alisema ni mgumu? nikauliza.

Benchi likacheka, pamoja na tofali lake. Judica ni binti wa Kilutheri wa hapo juu, aliyesoma darasa moja na Philbert. Mtihani huo huo ulimtupa chini mara ya kwanza, akaja akakaa hapa akatuambia bila kuficha: jamani, nilidharau, nimefeli. Alisema unapewa skrini nyeusi uiamuru mashine kwa maandishi, hakuna A wala B ya kubahatisha. Alisema kuna hesabu za kugawa anwani za mtandao vipande vipande, kama unavyogawa kibanja kwa warithi na kila mmoja ajue mpaka wake, na saa inakimbia, na swali ukishalipita hulirudii. Alirudi kwenye vitabu zaidi ya nusu mwaka ndipo akafaulu. Hawa walimfanyaje? Walimcheka mpaka akaacha kuja kunywa kahawa. Nimepoteza mteja kwa ajili ya vichwa viwili hivi.

— Judica kichwa chake kizito, alisema Dishi. Philbert alikuwa anapita huku anapiga mluzi. Mimi nawaambieni, tatizo ni zile punje. Yule wa kwenye kamera kamwona kijana anatafuna vitu vyeusi. Huko kwao hawajui kahawa inatafunwa, wao wanajua ya kunywa. Akasema huyu anakula dawa ya kuongeza akili.

— Wewe nawe! Profesa akapunga mkono. Punje ni kisingizio. Walishamwogopa kabla. Wameona anwani: Bukoba. Wameona jina. Ofkozi wanatujua. Wanajua Mhaya mmoja akiingia kwenye mitandao, kesho kaleta ukoo mzima, keshokutwa wao wenyewe hawana kazi. Nina hakika pale kwao kuna ramani ukutani, na Kagera imewekewa taa.

— Ya kijani au nyekundu? nikauliza.

— Usinidhihaki, Maimuna. Wakitaka kukufuta hawakosi njia.

— Kweli kabisa, alisema Dishi, sasa amepata moto. Tujiulize, kwa nini shangazi aje siku ile na saa ile? Si wanasikiliza simu? Wakampigia, wakamdanganya mtoto anaumwa.

— Simu ya Theopista ni ya tochi, nikasema, na ilikuwa haina chaji.

— Ndiyo hizo hizo wanazozipenda!

Nikatazama angani nikaomba subira. Nilidhani tumefika mwisho wa ujinga. Wapi! Profesa akainamisha kichwa, akateremsha sauti kama anayeungama.

— Mimi kuna jambo sipendi kulisema. Labda Theopista hakusukumwa na watu wa mbali. Yule mama hana mtoto. Kijana anakaribia kupaa. Ghafla anakuja na kikapu, na kijana anakula kilichomo. Mimi nimesoma, siamini mambo hayo. Lakini kikapu kile...

Akaiacha hapo hapo, shetani mkubwa. Nikamgeukia Philbert, nikitegemea ataruka. Shangazi aliyembeba mgongoni anaitwa mchawi mbele yake, kwenye benchi la miguu mitatu! Philbert akaramba midomo.

— Siwezi kusema ndiyo, akasema, siwezi kusema hapana.

Hasira ilinipanda mpaka nikamwaga kahawa mkaani. Nilikuwa nimeshafungua mdomo nimpe yake, nikaona wote watatu wanatazama nyuma yangu.

Theopista alikuwa amesimama kando ya jiko, mwenyewe, na vumbi la njia miguuni. Sijui alisikia kiasi gani. Alivaa gauni zuri na kitambaa kichwani, na safari hii mikono ilikuwa mitupu. Theopista bila kikapu sijawahi kumwona maishani mwangu.

— Hamjambo hapa.

— Hatujambo, shikamoo mama, nikamwitikia. Profesa na Dishi wakanong'ona kitu. Philbert aliinuka nusu, akakaa tena.

— Nimetoka dukani kwako, wakaniambia uko huku, Theopista akamwambia. Sikai. Nimekuja kuomba radhi, mwanangu. Baba yako amesema nimekuharibia maisha. Kama ni kweli, nisamehe. Mimi sijui mambo ya kompyuta. Nilijua tu siku ile unafanya jambo kubwa, nikasema ale kahawa ya nyumbani apate nguvu.

— Yameshapita, shangazi, alisema Philbert bila kuinua uso.

— Hayajapita. Annastella amenipigia analia. Kwa hiyo nataka kuuliza kitu kimoja, kisha niende. Nilitaka nikuulize siku ile ile, lakini ulianza kupiga kelele za mtihani nikaogopa.

— Uliza, mama, alisema Profesa kwa upole wa bandia.

— Nilipofungua mlango, Philbert, hukuwa unaandika. Ulikuwa umelaza kichwa mezani. Ulikuwa unalia, mabega yanatikisika kama ulivyokuwa mdogo. Ndiyo maana niliingia mpaka ndani. Nilisimama muda mrefu kabla hujaniona. Ulikuwa unalia nini?

Dishi, ambaye ana jibu la kila waya, alitazama paa la ng'ambo kana kwamba kuna dishi limepinda. Profesa alifungua kifungo cha suti, akakifunga. Philbert shingo ilimwiva, masikio yakafuata.

— Maimuna, Profesa akakohoa, hebu tuongezee kahawa.

— Imekwisha.

— Si birika hilo linatoa mvuke?

— Imekwisha, nimesema.

Nikammiminia Theopista kikombe kikajaa mpaka ukingoni, mbele ya macho yao, nikampa na kigoda changu. Hakukaa. Alikishika kikombe kwa mikono miwili, akamngoja mtoto wake. Kama angemgombeza ingekuwa nafuu kwake. Alikuwa anamngoja tu, hana haraka.

— Sijamwambia mtu, akasema. Wala baba yako. Nilisema ni mwanaume sasa, nitamwaibishaje. Basi kama hutaki kujibu hilo, nijibu hili dogo. Jumamosi nije, au nisije?

Philbert akateremka kwenye benchi. Benchi likapoteza uzito wake wa katikati, tofali likachomoka, na Profesa na Dishi wakaserereka hadi chini na suti na kila kitu. Hakuna aliyewainua. Philbert alikuwa ameshapiga goti kwenye vumbi la Bilele, watu wanapita na baiskeli zao, wanatazama.

— Uje, shangazi. Uje waitu, nakusihi. Nakwenda kumwambia baba sasa hivi, mbele yako.

— Utamwambia nini?

— Kwamba mtihani ulikuwa mgumu. Akajifuta pua kwa kiganja. Tangu skrini ya kwanza. Sikujua nianzie wapi, shangazi. Ulipoingia nilifurahi.

Theopista alifumba macho kidogo. Kisha akanipa kikombe, akamshika Philbert mkono, akamwinua, na wakaondoka hivyo hivyo, mkono kwa mkono, kushuka kuelekea kituo cha magari ya Muleba, kwa mzee Bartholomayo.

Dishi, bado amekaa chini, akajipangusa suruali.

— Mgumu? akasema. Mgumu vipi, mtihani wa kuingilia?

Nilimnyang'anya kikombe mkononi, kikiwa nusu, nikamwaga. Kisha nikamwagiza aende kwa akina Judica, amwombe msamaha, amwambie kahawa yake ipo, na asirudi hapa bila yeye.