Lennox Mugendi Njura, Aliyetufundisha Kubeba Majeruhi (1969–2025)

Nilikutana na marehemu Lennox Mugendi Njura mwezi wa Februari 2001, kwenye lango la kiwanda cha krispi karibu na Kibirichia. Wakati huo nilikuwa mchuuzi wa viatu vya mpira kutoka Muthara, nikiwa na magunia mawili ya gambuti na bila mtu hata mmoja ninayemjua hapo ndani. Nilimwambia gambuti zangu hazitelezi. Hakubishana nami. Alimwaga mafuta ya kupikia na maji ya sabuni kwenye sakafu ya saruji, akaniomba nivae jozi moja nitembee mpaka ng'ambo. Nilifika katikati. Akina mama waliokuwa wakichambua viazi walicheka mpaka msimamizi akatoka ofisini kuangalia. Yeye hakucheka. Aliniinua, akanipangusa mgongo, akasema, "Sasa tuongee bei, ama unarudi nyumbani ulete zingine?"

Nilirudi nyumbani nikaleta zingine. Hivyo ndivyo tulivyoanza, mimi Mwenda Gitobu na yeye, na baadaye akawa shemeji yangu. Dada yangu Gladys, mjane wake, ndiye aliyeniomba niandike wasifu huu, na yote nitakayosoma ameyaruhusu.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Agosti 1969 nje kidogo ya Siakago, Mbeere Kaskazini, mtoto wa tatu wa marehemu Mzee Njura Mbogo na Mama Ciakuthii, ambaye tuko naye hapa leo. Mama anasema mwaka huo ulikuwa wa kiangazi kikali. Jirani yake anaapa kwamba siku marehemu alipozaliwa mto ulifurika. Wazee hao wawili wamebishana wiki hii yote, nasi tumeandika tarehe iliyo kwenye kitambulisho.

Alisoma shule ya msingi hapa Siakago kuanzia 1978 hadi 1985, akiwa katika kundi la kwanza la 8-4-4. Alipenda kusimulia kwamba walimu wenyewe hawakuwa wameuelewa huo mfumo. Waliambiwa kila mtoto atengeneze kitu kwa mikono, na hakukuwa na mbao wala nyundo. Yeye alitengeneza mwiko. Alimaliza kidato cha nne mwaka wa 1989.

Mwaka wa 1991 aliajiriwa katika kiwanda kimoja cha mbao upande wa Buuri, ambacho sasa hakipo. Tarehe 6 Machi 1996 msumeno ulimkata kidole cha kati cha mkono wa kushoto. Alisema kilichomshangaza si maumivu. Ni kwamba watu kumi na wanne walisimama kumzunguka, kila mmoja akimwambia mwenzake afanye kitu. Mmoja alimletea soda.

Mwaka wa 1999 kiwanda cha krispi kilipofunguliwa aliingia kama mwendesha mashine ya kumenya viazi, na mwaka uliofuata akapewa kazi ya kufundisha usalama. Hakufundisha kwa kuongea. Mfanyakazi mpya alishikishwa mtungi wa kuzimia moto na kuwashiwa moto wa kweli ndani ya pipa. Aliyetaka kufanya kazi kwenye mashine ya kukata viazi alipewa kufuli na ufunguo wake, akaonyeshwa jinsi ya kuifunga swichi kabla ya kuingiza mkono, kisha akarudia mpaka aweze kufanya hivyo akiwa amefumba macho. Wafanyakazi walimwita Mwalimu wa Ajali, na aliitika.

Pia ndiye aliyeandika karatasi ya habari iliyobandikwa kila Jumatatu kwenye ubao wa matangazo. Humo ungesoma siku ngapi zimepita bila mtu kuumia, nani amepandishwa cheo, nani amefiwa, ng'ombe wa nani amezaa. Nimeona nakala ya mwaka wa 2014 inayosema: "Mako wa boila amepata mtoto wa kike. Mama na mtoto wako salama. Mako alizimia wodini lakini sasa naye yuko salama." Mako, fundi wa mtambo wa mvuke, yuko hapa leo na amekubali isomwe.

Alimuoa Gladys Nkatha tarehe 14 Desemba 2002 kanisani Muthara. Siku ya posa, wazee wake wakiwa wamekaa na mzigo wa miraa bado haujafunguliwa, yeye aliinuka akaenda kutazama jiko letu. Aliporudi alimwambia baba yangu kwa heshima kwamba taa ya mafuta imetundikwa karibu sana na nyasi za paa. Baba alinivuta kando akaniuliza, "Huyu amekuja kuoa ama amekuja kukagua?" Nilimwambia amekuja kwa yote mawili, na kwamba wakati wa kupatana mahari asidhani ni mjinga. Taa ilihamishwa. Ndoa hiyo ilibarikiwa watoto watatu: Njura, Ciakuthii na Gitobu.

Sasa nifike kwenye ugonjwa na kifo chake, na hapa nawaomba mnivumilie, kwa sababu hata sisi wenye msiba hatujayaelewa yote.

Mwezi wa Mei 2023 daktari alimwambia ana presha na kwamba moyo wake umeanza kuchoka. Alimeza dawa, lakini alimkataza Gladys kumwambia mtu yeyote, hata mimi. Mtu aliyebandika homa ya kila mfanyakazi ubaoni hakubandika yake. Nimejaribu kupata sababu na sijapata. Gladys anadhani aliogopa kuondolewa kwenye mafunzo. Mama anasema baba yake alikuwa hivyo hivyo.

Kila baada ya miezi mitatu alifanya zoezi ambalo wengi wenu mnalijua. Bila kumwambia mtu, alilala sakafuni mahali fulani kiwandani na kungoja kupatikana. Yeye ndiye majeruhi. Hakusema neno. Aliyemwona alipiga kengele na umeme wa mashine ukazimwa. Mmoja aliyeteuliwa kusikiliza pumzi, tuliyemwita msikilizaji, aliinama kifuani pake akatangaza kwa sauti, "Anapumua." Wanne wakamwinua pamoja kwenye machela wakampeleka uwanjani. Akishawekwa chini aliketi, akawasomea makosa yao moja baada ya jingine. Kwa miaka ishirini na tano msikilizaji alisema "Anapumua", na kwa miaka yote hiyo ilikuwa kweli.

Alhamisi tarehe 18 Septemba 2025, saa nne na dakika kumi na mbili asubuhi, alipatikana amelala karibu na vikaango. Aliyekuwa msikilizaji ni Carol, msimamizi wa zamu ya asubuhi. Aliinama, akatangaza, wakambeba. Wote wanasema halijawahi kufanyika zoezi zuri kama hilo. Walimweka chini uwanjani baada ya dakika nne, wakajipanga mstari, wakasubiri awakosoe.

Hakuketi. Walidhani ni jaribio jipya. Mtu mmoja alisema labda anataka kuona kama wataondoka kabla ya kuruhusiwa, basi hakuna aliyeondoka. Wakati huo karani alikuwa ameshatuma kwenye kundi la WhatsApp la kiwanda: "Majeruhi ametolewa kwa dakika nne. Hongera kwa wote." Mako ndiye aliyetoka kwenye mstari, akamshika shingoni, akapiga kelele. Gari la kiwanda lilimfikisha hospitali moja mjini Meru kabla ya saa tano. Daktari alisema alikuwa ameshafariki, ila hakuweza kusema ni tangu dakika gani.

Huku Siakago Gladys alikuwa dukani kwake akipima ndengu. Rafiki alimtumia ujumbe ule wa hongera naye akacheka. Alipopigiwa simu kutoka kiwandani alijibu, "Nimeona, mmemtoa kwa dakika nne," akakata. Walipiga mara tatu kabla hajaelewa. Hata mimi nilipopigiwa niliuliza kama ni zoezi.

Baada ya hapo dada yangu alikataa kupanga tarehe ya mazishi. Hakulia mbele ya watu na hakutaka mchango. Alikuwa na swali moja tu: waliposema anapumua, alikuwa anapumua? Kama alikuwa hai wakamwacha uwanjani wakingoja kukosolewa, alitaka kujua. Kama alikuwa amekwisha kwenda akiwa bado sakafuni, alitaka kujua hilo pia. Alisema hatamzika mume wake bila kujua alikufa wapi.

Nilienda kiwandani. Meneja, Bwana Kullow, alinipokea vizuri, akanipa chai na barua. Barua ilisema wafanyakazi walikagua pumzi ya marehemu na kuchukua hatua zote kwa wakati unaofaa. Aliomba isomwe leo. Nilimwambia barua ni nzuri lakini sikuja kuchukua karatasi, nimekuja kumchukua Carol. Aliniuliza kama tumeshapata wakili.

"Mimi nina dada tu," nilimwambia. "Mpe msichana siku moja na gari. Aende peke yake, bila mtu wa ofisi wa kumsaidia kukumbuka."

Aliuliza wao watapata nini. Hilo sikuliona baya. Mimi pia ningeuliza. Alisema wafanyakazi wake hawataki tena kushika machela, na amewaona wakipita mbali na mahali pale uwanjani. Walikuwa wameomba kumbeba Mugendi kaburini wao wenyewe, naye aliogopa kutuletea ombi hilo. Tulikubaliana hapo hapo: yeye anatoa Carol na kurudisha barua kwenye droo, sisi tunawapa jeneza walibebe.

Carol alifika nyumbani kwa Gladys Jumatano iliyopita. Alikataa kiti mara ya kwanza. Gladys hakumzungusha, alimuuliza kama alisikia pumzi.

"Mama, sijui," Carol alisema. "Feni za vikaango hazizimwi pamoja na mashine, zilikuwa bado zinazunguka. Nilisema anapumua kwa sababu ndivyo huwa tunasema. Sikusikiliza."

Kisha Gladys akauliza kama kulikuwa na mtu aliyemshika walipokuwa wakingoja.

"Mimi. Alitufundisha majeruhi asiachwe bila mkono wa mtu. Nilimshika tangu tukiwa ndani mpaka hospitali. Nilidhani ananipima nivumilie."

"Mkono gani?"

"Huu wenye kidole kilichokatika."

Dada yangu aliondoka akaenda jikoni. Aliporudi alikuwa na chai ya watu wawili, na tarehe ya leo.

Marehemu ameacha mjane wake Gladys Nkatha. Watoto wake Njura, Ciakuthii na Gitobu. Mama yake mzazi, Mama Ciakuthii. Kaka yake Mwaniki na dada yake Cicily. Mimi shemeji yake. Na wafanyakazi mia mbili na kumi na sita, ambao hesabu yao aliiandika kila Jumatatu.

Nimeuza na kununua kwa miaka thelathini, na kwa kawaida mtu akiondoka mbele yangu najua nani amepata. Hapa nitataja tu kilichotoka mkono mmoja kikaingia mwingine. Kiwanda kimempoteza mtu aliyewafundisha, na kimepata kanuni mpya ambayo Carol ameibandika ubaoni: msikilizaji haruhusiwi tena kusema "Anapumua". Lazima azime feni, ahesabu pumzi, na ataje idadi. Carol amepoteza usingizi, na amepata nyumba hapa Siakago ambako ataingia bila kubisha hodi. Dada yangu amepoteza mume. Alitaka jibu, akapata "sijui" kutoka kwa mtu ambaye angeweza kumdanganya na hakumdanganya. Ameniambia inatosha. Mimi bado sijaelewa inatoshaje, lakini bidhaa ni yake na yeye ndiye aliyekubali.

Mugendi, lala salama. Mungu akupe amani, na sisi atupe uwezo wa kuelewa.